Kabla ya Kuchimba Kisima Kingine

Leo tuzungumze juu ya sadaka, michango na misaada, na hasa swali ambalo watoaji wengi hatujiulizi mpaka fedha zimeshatutoka mkononi: ziende wapi? Nitaanza na tarakimu, kisha tuzijadili. Kati ya mwaka 2011 na 2013 Wizara ya Maji ya Tanzania iliendesha zoezi la kuorodhesha vituo vya kuchotea maji vijijini. Waorodheshaji walikwenda kijiji kwa kijiji na kifaa cha kupimia mahali kwa setilaiti, wakasimama kando ya pampu au koki ya umma, wakaandika iko wapi, nani aliigharimia, nani aliijenga, nani anaisimamia, watu wanalipiaje maji, na kama maji yanatoka au hayatoki. Takwimu hizo hazikufungiwa kabatini. Ziliwekwa wazi kwenye intaneti, na fungu moja la vituo 59,400 limekuwa likitumiwa na wanafunzi wa takwimu wa nchi mbalimbali kujipima uwezo wao. Katika vituo hivyo 59,400, vilivyokuwa vinafanya kazi sawasawa ni 32,259. Vilivyokuwa vinatoa maji lakini vinahitaji matengenezo ni 4,317. Vilivyobaki, 22,824, karibu vinne katika kila kumi, vilikuwa vimekufa.

Tukae kidogo na hivyo vilivyokufa. Ukiambiwa kisima kimekufa, wazo la kwanza ni kwamba maji yameisha chini. Takwimu zilezile zina safu inayoeleza wingi wa maji, na vilivyoandikwa kuwa havifanyi kazi na vimekauka ni zaidi kidogo ya 6,000. Kwa hiyo vituo zaidi ya 16,000 vilikuwa havitoi maji bila kuandikwa kwamba vimekauka. Fundi yeyote wa maji atakutajia yanayovisibu vituo vya namna hiyo: mpira wa pampu umelika, fimbo imekatika, bomba limepasuka, mashine imeibiwa, dizeli haina wa kuinunua, au kijana aliyefundishwa ufundi amehamia mjini. Nyingi ya kasoro hizo hutengenezeka kwa sehemu ndogo ya gharama ya kuchimba kisima kipya. Sasa fikiria ni mara ngapi umesikia kikundi cha wahisani kimekwenda kijijini kubadilisha mpira wa pampu iliyojengwa na mtu mwingine. Kisima kipya kina uzinduzi, kina utepe wa kukatwa, kina kibao chenye jina la marehemu aliyekusudiwa thawabu, na kina picha ya watoto wakishangilia maji ya kwanza. Mpira wa pampu hauna kibao. Ndiyo maana inawezekana kabisa kisima kipya kikachimbwa hatua chache kutoka kisima kingine kinachosubiri kipuri, na wote waliohusika wakarudi nyumbani wakiwa wametenda wema kwa dhati ya moyo.

Hoja yangu ya jioni hii ni hii: mtu au kikundi kinachotaka kusaidia eneo lake kianze na ramani iliyo wazi kwa umma, kikiuliza mambo mawili, yaani kipi kimeharibika au kukosekana, na nani ameshatoa wapi. Majibu ya maswali hayo yatatupeleka mara nyingi mahali ambapo huruma yetu peke yake isingetufikisha. Yatatupeleka kwenye matengenezo badala ya uzinduzi, na kwenye kitongoji kisicho na barabara badala ya kituo cha yatima kilicho kando ya lami. Nasema ramani kwa sababu orodha ya mahitaji iliyoandikwa kwenye karatasi, hata ikiwa ndefu na ya kweli, haimwonyeshi mtoaji umbali. Karatasi itakuambia kata ina visima sita. Ramani itakuonyesha kwamba vitano kati ya hivyo vimesongamana kwenye senta, na cha sita kiko upande wa pili wa korongo.

Sadaka zetu hufuata njia zake, na njia hizo hazifuati shida. Kwanza hufuata barabara. Mwezi wa Ramadhani na wiki ya Krismasi, magari yenye mchele, mafuta na sukari husimama pale yanapoweza kugeuza, na vituo vinavyofikika kwa gari dogo hupata wageni wengi kwa siku chache. Pili hufuata jamaa: tunachangia kwetu, kwa maana ya kijiji alichozaliwa mwenyekiti wa kikundi. Tatu hufuata uwezo wa kuomba, maana shule yenye mwalimu mkuu anayejua kuandika barua na mwenye namba ya mtu redioni itapata madawati kabla ya shule ambayo mwalimu wake yuko darasani na watoto 120. Kenya iliyaona haya kwa upana zaidi katika harambee. Baada ya uhuru, shule za harambee zilichipuka kwa wingi zaidi kule ambako wananchi walikuwa tayari na fedha za kahawa na chai, hasa Mkoa wa Kati, wakati maeneo ya ukame, yasiyo na zao la kuuza, hayakuwa na cha kuchangisha. Hapakuwa na njama ndani yake. Mchango ulikwenda palipokuwa na wachangaji, na mgawanyo wa shule ukaja kufanana na mgawanyo wa mapato.

Niseme kidogo ramani huria ni nini, kwa wasiozizoea. Mwaka 2004 Mwingereza mmoja, Steve Coast, alianzisha mradi wa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, kuitazama, kuipakua na kuitumia bila kulipa. Ilipokumbwa Haiti na tetemeko la ardhi Januari 2010, mamia ya watu waliokuwa mbali waliketi kwenye kompyuta zao, wakachora mitaa ya Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setilaiti, na ndani ya wiki chache waokoaji walikuwa na ramani ambayo mji huo haukuwahi kuwa nayo. Mwaka 2014 mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na wachoraji wa ramani za dharura walianzisha mradi wa Missing Maps, kwa lengo la kuchora maeneo yenye hatari kabla maafa hayajafika. Wanaochora kwa mbali huona paa na njia. Kama paa lile ni zahanati au ghala, na kama njia ile hupitika masika au haipitiki, hayo huongezwa na mwenyeji anayepita kwa miguu na simu yake. Kazi hizo mbili huenda pamoja, na ya pili ndiyo ngumu.

Afrika Mashariki tuna historia yetu katika jambo hili, na ni historia ya kujivunia. Mwishoni mwa mwaka 2009 kikundi cha vijana wa Kibera, Nairobi, kilianza kuchora mtaa wao katika mradi wa Map Kibera. Kabla ya hapo, kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa doa tupu, ingawa huenda ndiyo iliyopigwa picha nyingi kuliko mitaa yote ya mabanda barani Afrika. Vijana hao wakaweka vyoo, vioski vya maji, zahanati, njia, makanisa, misikiti na shule. Baadaye walipoingia kwa undani katika shule, walikuta zipo kwa mamia, nyingi zikiendeshwa na watu binafsi, makanisa na vikundi, huku za serikali zikiwa za kuhesabika kwa vidole. Mwaka huohuo wa 2009 sensa ya Kenya ilihesabu watu 170,070 Kibera. Wako walioipinga idadi hiyo, na hesabu nyingine zilizofanyika baadaye zilipata watu wengi zaidi, lakini hakuna hesabu ya makini iliyokaribia ile milioni moja iliyokuwa ikitajwa kwenye hotuba na maombi ya fedha kwa miaka mingi. Kwa mtoaji, tofauti hiyo si mzaha. Anayeamini kuna watu milioni moja anaweza kutumia maisha yake yote kujenga vyoo hapo, na asijiulize kama Mukuru au Korogocho, mitaa mingine ya mabanda jijini humo, kuna choo hata kimoja cha umma.

Dar es Salaam nako kuna mfano mzuri. Desemba 2011 mvua kubwa ziliua watu wapatao 40 na kuwaacha maelfu bila makazi, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka huohuo kata ya Tandale ilikuwa imechorwa na wakazi na wanafunzi, kisha mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, walichora mitaa nyumba kwa nyumba. Kilichonivutia zaidi katika ramani hizo ni mitaro. Ukitazama data ya mtaro mmoja, utakuta ni wa saruji au wa udongo, upana wake kiasi gani, kina chake kiasi gani, na kama umeziba. Wakazi nao waliulizwa maji hufika wapi mvua inapozidi. Mtu wa nje hukisia tu mambo hayo, lakini mama anayeuza maandazi pembeni ya mtaro anayajua kwa sababu ndiye anayehamisha jiko lake.

Hebu tuuweke mtaro huo mbele ya kamati ya misaada. Kila mafuriko yanapotokea bondeni tunakusanya mablanketi, magodoro, unga na nguo. Ni wema, na usiku huo wa mafuriko blanketi halina mbadala. Lakini ramani inaonyesha mtaro fulani wa udongo, wenye upana usiofika mita moja, unaopokea maji ya mitaa kadhaa na umeandikwa kuwa umeziba. Vijana wa mtaa wakipewa makoleo, mabuti, glavu, na malipo ya gari la kuondoa tope wiki mbili kabla ya masika, kamati hiyo inaweza kuokoa magodoro ambayo ingelazimika kuyanunua Aprili. Hapatakuwa na picha ya kugusa moyo, kwa sababu picha ya mafuriko ambayo hayakutokea haipo. Nakiri kwamba mtaro mmoja hautauzuia mto Msimbazi kufurika, na mto huo una mambo makubwa ya ujenzi na mipango miji yaliyo juu ya uwezo wa kikundi cha msikiti au jumuiya ndogondogo. Hata hivyo mafuriko mengi ya uswahilini hayatoki mtoni. Hutoka kwenye mtaro uliojaa mifuko na taka, na huo uko ndani ya uwezo wetu.

Sasa tusikilize upinzani, maana upo na una uzito. Wa kwanza ni kwamba data zenyewe hazina uhakika. Ni kweli, na nitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Katika vile vituo 59,400 vya maji, vituo 1,812 vimeandikiwa longitudo sifuri na latitudo iliyo sifuri kwa kila hali. Ukiviweka kwenye ramani vinaangukia baharini, katika Ghuba ya Guinea, upande wa pili wa bara. Vituo zaidi ya 20,000 havina mwaka wa kujengwa. Tena takwimu hizo sasa zina zaidi ya miaka kumi: vituo vilivyokuwa vizima vimeharibika, na vingine vilivyokuwa vimekufa vimefufuliwa tangu RUWASA ilipoanzishwa mwaka 2019 kusimamia maji vijijini. Anayechukua ramani hiyo na kupeleka fundi moja kwa moja bila kuuliza atapoteza nauli. Lakini kosa la aina hii linaonekana, na hapo ndipo penye tofauti. Kisima kilichoandikwa baharini mtu yeyote anakiona na anaweza kukisahihisha. Kosa lililo kichwani mwa mjumbe wa kamati, kwamba kijiji fulani kina shida kuliko vyote, halina mahali linapoonekana, wala hakuna wa kulisahihisha bila kugombana. Ramani ya zamani inatosha kutuambia twende tukaulize wapi, na simu moja kwa mhandisi wa maji wa wilaya inatosha kutuambia kama habari ile bado ni ya kweli.

Upungufu ulio hatari zaidi kuliko kosa ni utupu. Mahali pasipo na alama yoyote kwenye ramani panaweza kuwa pori, na panaweza kuwa vitongoji vitatu ambavyo hakuna aliyepita kuvichora. Wachoraji wa kujitolea nao hufuata barabara, bando na mahali penye mradi wa kuwalipa posho, na kwa hiyo mji mkuu hujaa alama wakati wilaya ya pembezoni ina mstari mmoja wa barabara kuu. Mtoaji asiye mwangalifu atasoma wingi wa alama kuwa ndio wingi wa shida, na hapo atakuwa amerudi kulekule kwenye lami. Dawa ni kuweka ramani mbili pamoja: ya watu na ya huduma. Leo zipo ramani zilizo wazi zinazokadiria makazi kutoka kwenye picha za setilaiti, paa kwa paa. Palipo na paa nyingi bila alama ya shule, maji wala zahanati, hapo ndipo pa kuanzia safari, kwa kuuliza na si kwa kumwaga fedha.

Kuhusu paa, kuna somo la Siaya, magharibi mwa Kenya. Shirika la GiveDirectly, linalowapa watu maskini fedha taslimu kwa njia ya simu, lilianza kwa kuchagua kaya zenye paa la nyasi na kuziacha zenye mabati. Kipimo kilikuwa rahisi, kinaonekana hata kutoka angani, na shirika hilo lilifanya majaribio ya kuhesabu paa za nyasi na za bati kwenye picha za setilaiti ili kuchagua vijiji. Lakini mjane mwenye bati kuukuu alilojengewa na mwanawe kabla hajafariki anaweza kuwa na dhiki kuliko jirani mwenye nyasi, na kigezo kikishajulikana, watu wana akili: kibanda cha nyasi kinaweza kusimamishwa upesi. Ukikichukua kipimo hicho na kukihamishia pwani utacheka. Kule Nungwi au Diani paa kubwa kuliko zote za makuti ni za hoteli za kitalii, na mhisani angeweza kumtumia pesa mgeni aliyelala pembeni ya bwawa la kuogelea. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani picha ya angani inaweza kumchagua mtu wa kusaidiwa. Ramani ichague mahali na ichague tatizo. Mtu achaguliwe na watu wanaomfahamu, kwa utaratibu ambao majirani wanaweza kuuhoji.

Pingamizi la pili linatoka kwenye dini na adabu zetu: kutoa kunatakiwa kuwe kwa siri, na dhiki ya mtu haianikwi. Nalikubali lote kwa upande wa mtu binafsi. Nyumba ya mgonjwa, ya mjane, ya mlemavu, haina sababu ya kuwekewa alama inayoonekana na dunia nzima, na sheria zetu zimeanza kulilinda jambo hilo, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Mfano mkali uko mkoani Mara. Wachoraji wa kujitolea wamekuwa wakichora vijiji vya huko, majina na njia, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa upesi. Msichana anapiga simu usiku akitaja jina la kitongoji, na anayekwenda kumchukua anahitaji kujua kiko wapi. Ramani ya vijiji hapo inaokoa. Lakini alama inayoonyesha dunia nzima ni nyumba ipi msichana huyo amejificha ingemrudisha mikononi mwa waliokuwa wakimwinda. Mpaka basi si mgumu kuuona. Pampu, mtaro, choo cha shule, zahanati na daraja ni mali ya umma na aibu yake ni ya umma, navyo viwekwe wazi. Mtu abaki na sitara yake. Na siri ya mtoaji haiguswi hata kidogo, kwa kuwa ramani inaweza kuonyesha kwamba shule fulani imepata matundu manane ya choo mwaka fulani bila kutaja aliyetoa.

Wengine watasema zaka na sadaka ni za jirani kwanza, kwa hiyo ramani ya nini? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa zaidi katika mwambao wetu, wanashikilia kwamba zaka igawiwe kwa wanaostahiki pale mali ilipo kabla ya kupelekwa kwingine, na mapokeo ya Kikristo nayo yanamwita jirani kwa jina hilohilo. Mimi naona msimamo huo unaidai ramani kuliko msimamo mwingine wowote. Anayeamriwa kuanza na walio karibu ana wajibu wa kujua walio karibu ni akina nani, na mjini leo mtu anaweza kuishi miaka kumi mita 300 kutoka kwenye bonde ambalo hajawahi kushuka. Kwa walio mbali haja ni kubwa zaidi. Wako ndugu zetu Muscat, Dubai, London na Toronto wanaochanga kwenye makundi ya simu kila mwezi, na wanachojua kuhusu kijiji ni kile alichokikumbuka aliyeondoka huko zamani au anachowaambia mpokeaji mmoja. Mpokeaji huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akawa anaona upande mmoja tu wa kijiji.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, nalo ni la viongozi wa mitaa. Sheha wa Zanzibar, mwenyekiti wa kitongoji bara, mzee wa nyumba kumi kule Kenya, atasema: haya yote nayajua, niulizeni mimi. Mara nyingi anayajua kweli, na hakuna ramani itakayomzidi kwa kujua nani amefiwa na nani amelala njaa. Lakini anajua eneo lake moja, na hana njia ya kulilinganisha na la jirani yake. Kila sheha wa wilaya atakwambia shehia yake ndiyo yenye shida, na wote watakuwa wanasema kweli. Aidha si kila kiongozi hugawa bila upendeleo, na mwananchi aliyerukwa hana cha kumwonyesha. Ramani inampa kiongozi mwadilifu ushahidi wa kudai haki ya eneo lake, na inampa mwananchi ushahidi wa kumuuliza asiye mwadilifu. Zanzibar kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani. Picha zenye ukali wa namna hiyo zikitandazwa mezani mbele ya masheha, mazungumzo hubadilika, kwa sababu kila mmoja ananyoosha kidole kwenye kitu kinachoonekana na wenzake.

Bado kuna nusu ya ramani ambayo karibu haipo kwetu, nayo ni ramani ya utoaji wenyewe. Uingereza, tangu mwaka 2015, kuna mpango unaoitwa 360Giving, ambapo wafadhili zaidi ya 200 wamekubali kuchapisha kwa mtindo mmoja walichotoa, kwa nani, lini na wapi. Mtu akifungua data hizo anaona maeneo yaliyopewa tena na tena na yale yaliyorukwa, na mfadhili mdogo anaweza kwenda kulikorukwa bila kusubiri mkutano. Kwetu mashirika makubwa huandika taarifa kwa wafadhili wao wa ng'ambo, kwa lugha ambayo kijiji hakiisomi. Kamati za misikiti, jumuiya za makanisa, vikundi vya waliosoma pamoja, chama cha wafanyabiashara wa soko na kampuni za simu zinazogawa vyakula vya futari hazibadilishani hata orodha. Matokeo yake kituo kimoja kinapokea magunia ya mchele kutoka kwa wanne siku moja, na hakuna aliyekosea. Kinachotakiwa hapa si teknolojia. Daftari la pamoja lenye safu nne, yaani mahali, kitu, kiasi na tarehe, likitumwa kwenye kundi la simu la kata, lingemaliza nusu ya tatizo hata kabla hatujafungua ramani yoyote.

Takwimu za maji zina somo moja zaidi. Katika vituo vile 59,400 kuna vituo 25,348 ambavyo watumiaji wake waliandikwa kuwa hawalipi chochote, na chini ya nusu yake ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi sawasawa. Ambapo watu walilipa mchango wa mwaka, vituo 3,642 tu, robo tatu vilikuwa vizima. Sitaki kulivuta jambo hili kupita kadiri yake: huenda watu hulipa kwa sababu kituo ni kizima, na huenda kijiji chenye kulipa ni kijiji chenye nafuu tangu mwanzo. Lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa na mtu anayetaka sadaka yake iendelee kutoa maji baada ya yeye kuondoka. Kwa maoni yangu, kikundi chenye fedha za kisima kimoja kipya kingefanya vizuri zaidi kutafuta vituo kadhaa vilivyokufa katika kata moja, kuvitengeneza, kununua vipuri vya akiba, kumfundisha fundi wa pili na wa tatu, na kukaa na chombo cha maji cha jamii mpaka kuwe na akaunti, mweka hazina na kiwango cha mchango ambacho mjane hatatozwa.

Basi msikilizaji, kama wewe ni katibu au mweka hazina wa kikundi chochote kinachochangisha, nakuomba ufanye jambo moja kabla ya mkutano wenu ujao. Takwimu za vituo vya maji nilizozitaja zimo kwenye intaneti bila malipo, zimepangwa kwa mkoa, wilaya, kata na kitongoji. Mpe kijana mmoja kwenye kikundi kazi ya kuitafuta kata yenu, aandike vituo vyote vilivyoorodheshwa kuwa havifanyi kazi, kisha mmpe nauli ya bodaboda akavitazame kimoja kimoja na kurudi na majibu ya leo. Mkishayapata, yaingizeni kwenye ramani huria ili kikundi kingine kisitumie nauli hiyohiyo, na mjadala wa wapi pa kupeleka mchango uanzie hapo.